Mkazo ndani ya miwani ya fundi grainda: nilichopima na nilichodhani napima

Jumamosi ya kwanza

Ile miwani nyeupe ya usalama wanayovaa mafundi wa grainda, ukiiweka mbele ya skrini ya laptopu yenye ukurasa mweupe, haina la ajabu. Itazame kupitia filamu ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, uone: rangi zinatapakaa kama dizeli juu ya dimbwi. Filamu yangu niliibandua kwenye kioo cha laptopu iliyokufa, na gundi yake ilinila jioni nzima na nusu chupa ya spiriti. Skrini ya LCD yenyewe tayari hutoa mwanga uliopolaraizwa, kwa hiyo gharama yangu ni miwani tu.

Lenzi hii ni plastiki iitwayo polikaboneti. Imesukumwa ikiwa uji wa moto ndani ya kalibu isiyo na joto kama lake. Ngozi inaganda kwanza. Kiini kinapotaka kusinyaa kinakuta kimeshafungiwa. Mvutano unabaki humo miaka yote. Plastiki yenye mkazo huugawa mwanga mara mbili, sehemu moja ikachelewa, na huko kuchelewa ndiko kunakozaa rangi. Mwanafizikia David Brewster aliliona jambo hili kwenye kioo tangu miaka ya 1810.

Jumapili

Mistari myeusi ilinichanganya. Nikizungusha lenzi, mingine inatembea na mingine imetulia. Inayotembea inaonyesha mwelekeo wa mkazo tu, siyo ukubwa wake. Nikakata miwani ya sinema ya 3D, ambayo filamu yake huufanya mwanga uzunguke badala ya kutetemeka upande mmoja, nikaweka kipande kimoja kila upande wa lenzi, nikageuzageuza mpaka mistari ile ikapotea. Zikabaki rangi peke yake.

Ukingoni, upande wa sikio, pana kovu dogo lililokatwa. Hilo ndilo lango plastiki ilipoingilia. Kutoka pembeni hadi hapo nimehesabu mistari mitatu ya zambarau, na kila zambarau ni kuchelewa kwingine kwa takribani nanomita 550. Kwa unene wa milimita 2, na polikaboneti ikiwa na kigezo (kinachoonyesha mkazo unavyouchelewesha mwanga) cha kama 75 kwa kipimo cha brusta, hesabu ya kugawa kuchelewa kote kwa unene mara kigezo inatoa mkazo wa megapaskali 11. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, nikalala na furaha.

Lenzi ya kukuzia maandishi, ya plastiki nyingine iitwayo akriliki, ilitoa kijivu hafifu tu. Usikimbilie kuisifu: kigezo cha akriliki ni kama 5 hivi, kwa hiyo mkazo uleule huonekana humo mara kumi na tano pungufu.

Jumamosi ya pili

Nia ilikuwa kuipasha moto lenzi mpaka mkazo ulegee. Oveni nikaiweka nyuzi 125 za Selsiasi. Baada ya nusu saa mama akauliza ninaoka nini, maana harufu siyo ya keki. Lenzi ilikuwa imejikunja kama chapati iliyosahaulika. Polikaboneti hulainika karibu na nyuzi 147, na kisahani cha oveni yetu ni muongo. Lenzi ya pili niliilinda kwa waya wa kupimia joto wa maltimita, saa mbili kwenye 125 ya kweli, kisha ikapoa usiku kucha mlango ukiwa umefungwa.

Asubuhi, rangi za ukingoni zilikuwa zimefifia. Langoni zambarau bado tatu!

Hapo ndipo kalamu nyekundu ilipofutwa. Minyororo mirefu ya plastiki inapopita kwenye lango jembamba hulazwa upande mmoja kama tambi zilizochanwa, kisha inaganda hivyohivyo. Huo mpangilio nao huugawa mwanga, na chini ya nyuzi 147 hauna haraka ya kuondoka. Sehemu kubwa ya "megapaskali 11" zangu haikuwa mkazo.

Baya zaidi, ule mkazo wa ngozi na kiini niliouandika siku ya kwanza hauonekani ukitazama lenzi usoni. Ngozi inasukumwa, kiini kinavutwa, na mwanga ukipita moja kwa moja vinafutana.

Jumatano

Nimekata vipande vya upana wa milimita 5 kwa msumeno wa chuma wa mkono, polepole, maana joto la msumeno huongeza mkazo wake. Nikasugua kwa msasa wa maji, kisha nikavibana katikati ya vioo viwili vyenye glisirini ili mikwaruzo isizibe mwanga. Sasa natazama kwa ubavu.

Kipande kisichopashwa moto kina mistari miwili myeusi, pale mkazo ulipo sifuri, kila mmoja kama milimita 0.4 kutoka usoni, na katikati kuna njano. Nikiichukulia njano hiyo kuwa kuchelewa kwa nanomita 375, ni megapaskali 1 ya mvutano. Kipande kilichopashwa moto katikati ni kijivu, ila karibu na lango kimebaki na utando mwembamba unaong'aa kwenye ngozi.

Kusoma rangi kwa jicho kunanisumbua. Nimeagiza taa ya kijani ya LED ya nanomita 525. Kwa njia ya Senarmont, ya kupima kuchelewa kwa kuzungusha filamu badala ya kukisia rangi, kila digrii moja ya kuzungusha filamu itakuwa kama nanomita 2.9. Protrakta ya mdogo wangu nimeshaikopa bila kumwambia.