Siku moja maishani mwangu: sambaza, tasnifu na dakika 10 za semina

Saa kumi na moja alfajiri. Umeme upo, basi usingizi utasubiri. Nachomeka kompyuta na simu, nafungua makala niliyopakua jana. Naanza na michoro na majedwali, najiuliza mimi mwenyewe ningehitimisha nini, ndipo nasoma mbinu zao. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, naiacha mwisho, maana ikisiri huwa na uhakika kuliko data.

Saa kumi na mbili na nusu niko kando ya Ziwa Kivu. Wavuvi wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, taa zimeshazimwa. Napanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, kwenye ubao, napima kutoka ncha ya mdomo hadi panda ya mkia. Mama muuzaji amenichoka: "Mwalimu, unapimaka tu, utanunua lini?" Nanunua.

Saa tatu hadi saa sita nasimamia mazoezi ya wanafunzi. Ndiyo kazi ya asistenti, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu. Tasnifu hupata masalio ya siku.

Saa saba, rasimu ya tasnifu imerudi kutoka kwa promota, msimamizi wangu. Karibu kila makala kuhusu sambaza wa Kivu hukumbusha kwamba waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Promota amekata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu: "Hilo tunalijua. Swali lako liko wapi?" Ana haki, ingawa angeweza kusema kwa upole.

Saa nane, semina. Kila mtu dakika 10. Mwenzangu ameonyesha mchoro wa mistari tisa yenye rangi tisa; hakuna aliyeona kitu. Tumemwomba afiche yote isipokuwa miwili, msimu wa mvua na kiangazi. Papo hapo mjadala ukawaka, maana tofauti ilikuwa pale muda wote.

Zamu yangu. Nimeeleza wastani wa urefu wa sambaza kwa Kifaransa, slaidi kwa Kiingereza kwa sababu ya jarida. Profesa mmoja akauliza: "Samaki wadogo wanapenya macho ya wavu. Huu wastani wako ni wa ziwa, au ni wa wavu?" Swali hilo lina thamani kuliko pongezi zote za siku.

Saa mbili usiku, giza. Naandika aya ya mbinu upya kwa kalamu: ukubwa wa macho ya wavu, aina ya taa, saa za kuvua. Nafasi mbili za vipimo bado ziko wazi. Asubuhi nitashuka na rula, nimwombe mvuvi aniachie wavu kidogo kabla hajauanika.