Nilivyonunua buti zilizokwisha soli, tena kwa makusudi

Kila aliyesikia kwamba natafuta buti za kuvaa kila siku alinipa ushauri uleule: nisinunue kiatu chochote cha mtumba kabla ya kukigeuza na kuhakikisha kwamba soli yake haijalika. Shemeji yangu alikuwa kinara wa ushauri huo, na alinisindikiza sokoni Mwanjelwa mara kadhaa ili kuhakikisha kwamba ninautii. Nilipokwenda peke yangu nilifanya kinyume chake, nikanunua buti ambazo soli zake zilikuwa zimelika hadi tabaka la ndani likaonekana, na ndizo ninazovaa katika tope la Mbeya tangu mvua zinapoanza Novemba hadi zinapotuaga Aprili au Mei.

Sababu yangu ilikuwa hesabu ya mfukoni. Buti ya ngozi iliyoundwa ili ibadilishwe soli ni ghali mno ikiwa mpya, na hata katika mitumba muuzaji mjuzi huitambua na kuipandisha bei. Soli ikiwa imekwisha, wateja huiruka, na kufikia alasiri muuzaji anatamani tu iondoke mezani. Soli ni sehemu ambayo ningeibadilisha siku moja kwa vyovyote vile, kwa hiyo sikuona kwa nini niilipie ile ambayo mwenzangu wa ng'ambo ameshaivaa nusu ya umri wake. Nilizipata kwa elfu thelathini na kitu, baada ya mabishano ambayo siyaelezi kwa kuwa kila mtu ana mtindo wake.

Faida nyingine ya soli iliyolika ni kwamba haiwezi kudanganya. Buti nyingi za siku hizi zina mshono mzuri wa uzi wa njano kuzunguka ukingo, lakini mshono huo ni pambo, kwa kuwa soli yenyewe imegandishwa kwa gundi au imemiminwa ikiwa ya moto moja kwa moja kwenye ngozi. Ikilika hadi chini, utaona plastiki tupu isiyo na uzi wala tundu. Buti ninayoisema mimi ina ukanda mwembamba unaozunguka ukingo: mshono wa kwanza unaufunga ukanda huo na ngozi ya juu pamoja na kitako cha ndani, yaani tabaka ambalo unyayo hulikanyaga, na mshono wa pili unaushika ukanda na soli, hivyo fundi anaweza kuifumua soli bila kuigusa ngozi ya juu. Kazi hiyo imekuwa ikifanywa kwa mashine tangu karne ya 19, na bado inaitwa kwa jina la Charles Goodyear Mdogo wa Marekani, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kuuimarisha mpira kwa joto.

Mimi hutembea na kipande cha karatasi ngumu mfukoni. Huichomeka kati ya ngozi ya juu na ukanda. Ikiingia kidogo kisha ikagota kwenye uzi, naendelea kutazama, na ikikataa kabisa kuingia kwa sababu ukanda na soli ni kitu kimoja, naiacha buti hata kama inang'aa. Baada ya hapo huikunja mahali vidole vinapopindia. Mikunjo haina neno, lakini ngozi iliyopasuka hapo haina fundi duniani. Nikikuta uzi ndani, chini ya unyayo, najua kwamba soli imeshonwa moja kwa moja hadi ndani. Buti ya namna hiyo hutengenezeka, ila maji hupenya kwenye matundu, na kwa tope letu siitaki.

Shemeji naye alipata buti yenye soli isiyo na hata mkwaruzo, akaivaa kwenda harusini Tukuyu. Ndani ya basi sakafu ilianza kujaa chembe nyeusi chini ya kiti chake, naye akamlaumu abiria wa mbele kwa uchafu. Aliposhuka, kisigino kimoja kilibaki kwenye tope, na ukumbini aliingia akitembea kama anayekwepa miiba. Fundi wa kwanza alipaka gundi, lakini ilishika vumbi la soli badala ya soli yenyewe; fundi wa pili akapigilia skurubu, na ncha zake zikamtafuta shemeji kwenye unyayo alipokuwa akicheza. Soli zile zilikuwa za poliyurethani, plastiki nyepesi yenye vinyweleo, ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata kiatu kikiwa kimelala kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Upya wake ndio ulikuwa ugonjwa wake. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ukimomonyoka, mrudishie mwenyewe.

Fundi nilimtafuta kabla ya buti, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo. Wengi walitaka kunigandishia tu. Niliyemkubali alinionyesha msharasi wake, yaani chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, na uzi wa nailoni aliokuwa ameupaka nta, akakubali kupitisha mshono katika matundu yaleyale ya zamani ili ukanda usichanike, na akachimba mfereji mdogo chini ya soli ili uzi usisuguane na barabara. Bila mfereji huo mshono hukatika mapema, na wala hakuna fundi atakayekuambia usipouliza. Alipendekeza soli ya tairi, nikakataa, kwa kuwa ni nzito, huteleza kwenye sakafu yenye maji, na tairi nyingi za sasa zina nyaya za chuma ndani. Tukatumia mpira wa soli unaouzwa kwa vipande. Unyayo wa mwenye buti wa kwanza ulikuwa umejichora kwenye tabaka la gome laini, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, lililojazwa kati ya kitako cha ndani na soli; fundi akalibandua lote na kujaza upya. Gharama yake ilikaribia nusu ya bei ya buti, na bado jumla haikufikia ile aliyotoa shemeji.

Zikilowa huzijaza magazeti na kuziweka mbali na jiko. Kila Oktoba fundi hunibadilishia kipande cha kisigino peke yake, kabla hakijalika hadi kwenye ngozi, kwa pesa ambayo sioni hata haja ya kuiombea punguzo.