Barua pepe za chuo nikiwa Mbinga

Chuo kipo Dar, mimi nipo Mbinga kwa wakulima wa kahawa, nakusanya data za tasnifu. Msimamizi wangu ni mtu wa barua pepe. WhatsApp kwake ni ya michango ya harusi. Sasa huku kufungua barua za chuo kwenye kivinjari ni mateso: ukurasa unazunguka, bando linaliwa, na ukikaribia kuusoma ujumbe mtandao unakata.

Kwa hiyo natumia Thunderbird, programu ya barua pepe, kwenye laptop. Ni ya bure. Niliiweka kabla sijapanda basi, na wewe fanya hivyo hivyo, maana msimbo wa uthibitisho ukitumwa kwa SMS kwenye laini uliyoiacha nyumbani, umekwama.

Chuo chetu kinatumia Google: kupokea ni imap.gmail.com, poti 993. Kutuma ni smtp.gmail.com, poti 465, zote kwa SSL/TLS (usimbaji unaolinda mawasiliano). Mara nyingi programu inazijaza yenyewe ukishaandika anwani yako. Wa Microsoft wao kupokea ni outlook.office365.com, 993. Kwenye uthibitishaji chagua OAuth2 (unaingia kupitia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe), litafunguka dirisha la kuingilia. Vidakuzi (cookies) viwe vimeruhusiwa kwenye Thunderbird, la sivyo dirisha litakuzungusha tu. Ikikataa kabisa, huenda watu wa TEHAMA wamefunga IMAP, njia inayotumiwa na programu kupokea barua, na hapo hakuna ujanja, waandikie.

POP3, njia nyingine ya kupokea barua, achana nayo. Ilibuniwa kushusha barua na kuziondoa kwenye seva, na mimi nikirudi chuoni nataka nizikute zote palepale. IMAP inaziacha, na niliyoisoma huku, kwenye simu nayo inaonekana imesomwa.

Utamu wenyewe upo kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi. Nimeiambia itunze barua za siku 30 za mwisho tu, na isishushe ujumbe unaozidi KB 50. Ule mzito naona kichwa chake na aliyeutuma, halafu naamua mwenyewe kama unastahili bando langu. (Matangazo ya semina yenye bango la rangi? Hapana.) Jambo jingine: Google ina folda ya barua zote, na humo barua iliyo kwenye kikasha inajitokeza tena. Iondoe kwenye IMAP kupitia mipangilio ya lebo, usije ukalipia barua moja mara mbili.

Usiku nazima intaneti, nasoma, najibu kwa raha zangu. Majibu yanakaa kwenye folda ya barua zinazosubiri kutumwa (Outbox). Asubuhi nawasha hotspoti ya simu pale mtandao unaposhika, programu inauliza kama itume, nakubali, nazima.

Leo msimamizi amerudisha sura ya tatu, MB 9, na kichwa cha ujumbe kinasema "Tuongee". Hiyo nitaishusha Jumamosi nikienda mjini.