Siku moja maishani mwangu: swali la "je, itarudi?"

Saa 12:30 asubuhi. Nimefika kabla wodi haijachangamka ili nisome upya faili la mtoto wa miaka 7 ambaye leo tunalifungua sikio lake kwa mara ya pili. Miezi 11 iliyopita nilimwondolea kolesteatoma, yaani ngozi iliyoota mahali pasipo pake, ndani ya sikio la kati, ikarundika magamba yake humo na kuanza kula vifupa vinavyopitisha sauti. Katika ripoti ya upasuaji niliandika kwamba fuawe, kifupa cha kati, lilikuwa limelika, kikuku, kifupa cha mwisho, kimebaki kitako tu, na ugonjwa umejipenyeza katika kishimo kilichofichika nyuma ya kikuku. Mambo hayo matatu, pamoja na umri wake mdogo, yalinitosha kumhesabu miongoni mwa walio katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Ripoti ingekuwa na mistari miwili ya haraka, leo ningekuwa ninabahatisha.

Saa 2:00. Mama yake ananiuliza, "Daktari, na ikirudi tena?" Ninamweleza kwamba kurudi kuna sura mbili. Upo ugonjwa uliosalia, pale chembe ya ngozi inapoachwa bila kuonekana na kukua polepole; na upo unaoanza upya, pale kiwambo cha sikio kinapovutwa ndani kwa sababu mrija unaoliunganisha sikio na nyuma ya pua hauingizi hewa ya kutosha. Wa kwanza hutabiriwa zaidi na mahali ugonjwa ulipofika. Wa pili, na hali ya mrija huo na aina ya upasuaji. Kwa mtoto huyu niliuhifadhi ukuta wa mfereji wa sikio ili sikio libaki na umbo lake, nami nilijua kwamba uamuzi huo ungetulazimu kumfuatilia kwa karibu zaidi.

Saa 4:20. Hadubini haioneshi kitu. Ninaingiza endoskopu, kijiti chembamba cha kuchungulia ndani, yenye jicho la pembeni, ninaielekeza nyuma ya kitako cha kikuku, na hapo ninaiona kolesteatoma iliyosalia: lulu nyeupe, laini, isiyozidi kichwa cha pini, imelala katika kishimo kilekile nilichokitaja kwenye ripoti. Picha ya MRI ya mwezi uliopita ilikuwa safi, na hilo halinishangazi, kwa maana uvimbe usiofika milimita 3 huweza kuikwepa. Ninaibandua taratibu bila kuipasua, kwa kuwa ikipasuka huweza kuacha mbegu nyingine. Inatoka nzima pamoja na kifuko chake.

Saa 8:00 mchana. Kliniki. Binti wa miaka 12, aliyepasuliwa miaka 4 iliyopita, hana maumivu wala usaha, na baba yake angependa tuyakomeshe mahudhurio. Ninapochungulia, sehemu legevu ya juu ya kiwambo imeanza kubonyea. Bado ninauona mwisho wa bonyeo hilo, yaani ngozi haijajificha ndani, kwa hiyo hatupasui, ila ninamwomba baba amrudishe baada ya miezi 3. Watoto wa aina hii ndio wanaopotea katika takwimu: wakiacha kuja huhesabiwa kuwa wamepona, na asilimia inapendeza pasipo haki. Ndiyo maana ninasisitiza hesabu ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, ambayo humhesabu kila mtoto kwa muda aliofuatiliwa tu.

Saa 11:15 jioni. Ninajaza rejista. Mwaka 2017 vyama vya wataalamu wa masikio vya Ulaya na Japani vilikubaliana kuhusu hatua za kueleza ugonjwa huu umefika wapi, nami ninazitumia kila siku, lakini hatua pekee hainitoshi kumjibu mzazi, kwa sababu watoto wawili wa hatua moja wanaweza kutofautiana sana katika hali ya kikuku na katika hewa inayofika sikioni. Kwa mtoto wa asubuhi ninaandika ukubwa wa lulu, mahali hasa nilipoikuta, na kwamba ilitoka nzima. Kisha ninaweka tarehe ya MRI ya mwakani.