Kwa nini mtoto anaandika 203 badala ya 23

Mwambie mtoto wa darasa la kwanza aandike ishirini na tatu. Wengi wataandika 203. Hapo ndipo mzazi hupandisha sauti, na wengine hunyanyua fimbo. Naomba sana, usimpige. Ameandika alichosikia: ishirini ni 20, tatu ni 3, akaviandika kwa kufuatana. Kosa hilohilo ndilo huzaa 1005 anapoambiwa mia moja na tano. Hajajua bado kwamba ile 2 ya 23 inawakilisha mafungu mawili ya kumi, na kuimba moja hadi mia kila jioni hakumfundishi hilo.

Huku Kigoma chelewa, zile njiti za makuti za kufagilia, hazikosekani. Katakata njiti mia moja zenye urefu wa kidole, kisha mtoto mwenyewe azifunge kumikumi kwa uzi. Azifunge yeye, maana kuhesabu kumi na kukaza fundo ndilo somo lenyewe. Chora mstari ardhini, kushoto makumi, kulia mamoja. Ukisema ishirini na tatu, aweke vitita viwili kushoto na njiti tatu kulia, halafu aandike tarakimu chini ya kila upande. Mpe pia 30 na 40. Upande wa mamoja ukibaki mtupu, ataona kwa macho yake sifuri inaandikwa kwa sababu gani.

Somo la kutoa lisubiri hadi hapo pazoeleke. Ukiwahi, 23 kutoa 5 atakupa 22, kwa kuwa anaona 3 ni ndogo, anageuza na kutoa 3 kwenye 5. Dawa ni kufungua kitita kimoja: sasa kulia zipo njiti 13, anaondoa 5, zinabaki 8, na kushoto kimebaki kitita kimoja. Jibu ni 18. Arudie hivyo kwa njiti siku kadhaa kabla ya kuandika daftarini.

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Thelathini haifanani na tatu, arobaini haifanani na nne, wala hamsini na tano. Kiha, lugha ya huku kwetu Kigoma, kinasema wazi: makumi mawili, makumi matatu. Kwa hiyo bibi anayehesabu na mjukuu kwa Kiha wakati wa kupanga mafungu ya dagaa anamsaidia kuelewa makumi, hata kama yeye hakusoma. Sikubaliani kabisa na wanaokataza Kiha nyumbani eti kitaharibu masomo. Mtoto aelewe kwanza, kisha apewe neno la Kiswahili la kitu anachokielewa tayari.

Kwenye kusoma, kinachokwamisha zaidi ni majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa "emu, a, emu, a" haoni "mama" inatokea wapi. Mfundishe sauti: mmm, kisha a, ma. Kata kadi kwenye katoni tupu, kila moja iwe na silabi moja. Anza na m, k, t, b na l, kila moja na irabu zake tano, na kila silabi uikate mara mbili ili kuku na mama ziwezekane. Jumla ni kadi 50. Zinatosha kuunda meli, bata, kobe, moto, lima, tamu na mengine mengi. Mb, nd, ny na ng' zije baadaye, moja kwa wiki.

Jihadhari na mtoto anayekariri. Anasoma ukurasa mzima bila kukosea huku macho yapo kwenye picha. Funika picha, umwonyeshe neno moja la katikati. Akishindwa, hajasoma bado. Rudi kwenye kadi bila kumlaumu.

Ukimtuma dukani, muulize chenji kabla hajaondoka. Sabuni ni shilingi 1,700, ana noti ya 5,000. Apande kutoka bei: 300 kufika 2,000, kisha 3,000 kufika 5,000, jumla 3,300. Wauza duka wengi huhesabu hivyohivyo, na ni rahisi kuliko kutoa kwa kukopa.

Dakika 15 zinatosha, kila siku, mtoto akiwa ameshakula. Saa nzima ya Jumapili haifidii siku sita zilizopita. Akae pembeni ya taa, taa iwe upande wake wa kushoto kama anaandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike maandishi.

Na kama anasogeza daftari karibu kabisa na uso, au anakosea anaponakili ubaoni lakini kwenye karatasi ya karibu hakosei, acha kadi na njiti kwanza. Mpeleke akapimwe macho, na umwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele.