Kanada kwa dokumentari: nilipofikia mpaka sasa

Ngoja niandike nilipofikia maana daftari limejaa mishale na maandishi ya pembeni mpaka mwenyewe naanza kupotea. Kwa asiyejua, mradi wangu ni kujifunza historia ya Kanada kwa kuangalia dokumentari, yaani filamu kwanza, halafu ndo naruhusiwa kwenda kuhakiki miaka na majina kwingine. Watu wananiuliza kwa nini Kanada, kwa nini sio Marekani au hata hapa kwetu. Jibu ni la mtu asiye na hela: Kanada wana shirika la umma la filamu, National Film Board, tangu 1939, na mzigo wao mkubwa wameuweka mtandaoni unaangalia bure, unachochoma ni bando tu. Mi nanunua la usiku, Jumapili nalala mchana.

Mpango wa kwanza ulikuwa kwenda na mfuatano wa miaka. Mfaransa Champlain anaanzisha Quebec 1608, Waingereza wanawashinda Wafaransa palepale 1759, makoloni yanaungana kuwa Kanada 1867, reli inaunganishwa mpaka magharibi 1885. Nikaona haiendi. Mambo ya kabla ya kamera inabidi yaigizwe, unaona watu wazima wamevaa mawigi wanakimbizana kwenye nyasi huku sauti nzito inasimulia, dakika arobaini zinapita umepata kitu ambacho kingetosha kwenye aya moja. Nikafunga ukurasa huo nikaanza pale kamera yenyewe ilipofika.

Na kamera ilipofika kaskazini ilishikwa na Mmarekani, Robert Flaherty. Kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya, Revillon Frères, ndo ililipa, akaenda Inukjuak, pwani ya Hudson Bay upande wa Quebec, na 1922 akatoa Nanook of the North, kuhusu mwindaji Nanook na familia yake, Wainuit, yaani watu wa asili wa kaskazini kule. Ni tamu jamani, sikatai. Kuna sehemu Nanook anashuka kwenye kayaki, kimtumbwi chembamba, unadhani yuko peke yake, mara anatoka mama, anatoka mtoto, mwingine, mpaka mbwa anatoka, nilicheka kwa sauti usiku wa manane. Ila ukianza kuhakiki ndo unajua ulichokula. Nanook jina lake hasa Allakariallak. Mke wa kwenye filamu hakuwa mke wake. Ile nyumba ya barafu wanayolala ilikatwa upande mmoja ikaachwa wazi ili mwanga uingie, kwa hiyo familia inayovua nguo kujifunika manyoya inavua kwenye baridi ya nje kabisa. Wawindaji wa pale walishakuwa na bunduki, Flaherty akataka chusa. Na ile sehemu anayouma santuri ya gramafoni kana kwamba hajawahi kuona kitu cha hivyo, ni maigizo, gramafoni alikuwa anaijua.

Hapo ningeishia ningesema sawa, filamu ya zamani, tumsamehe. Lakini nikaangukia Martha of the North ya 2008, ya Marquise Lepage, na hiyo ndo iliyogeuza mradi mzima.

Iko hivi. Yule mwanamke mwenye tabasamu kwenye Nanook, Maggie Nujarluktuk, alizaa mtoto na Flaherty. Flaherty alishaondoka, hakurudi, mtoto Josephie hakumwona baba yake mpaka baba anakufa 1951. Sasa 1953 serikali ya Kanada inachukua familia za Inukjuak, inazipakia melini, inazipeleka karibu kilomita 2,000 kaskazini zaidi, Grise Fiord na Resolute, sehemu ambazo jua likizama vuli halichomozi tena kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Waliambiwa wanyama ni tele na asiyependa atarudishwa baada ya miaka miwili. Wakashushwa ufukweni na mahema. Josephie akafuata 1955 na mke na watoto, mmoja wao Martha, ana miaka kama mitano hivi. Mjukuu wa Flaherty! Babu kapata umaarufu wa dunia kwa kuonyesha jinsi Wainuit wanavyomudu baridi, mjukuu anapelekwa kwenye baridi zaidi na serikali iliyoamini kwamba Mwinuit ni Mwinuit, popote utakapomweka ataishi. Yaani hata wanyama wa kule sio walewale waliozoea kuwinda, na giza lile hawakuwahi kuliona, kwao Inukjuak jua linachomoza hata katikati ya baridi kali.

Kurudishwa kukawa hadithi. Serikali ilikuwa inasema iliwasaidia watu wenye njaa, wenyewe wanasema walipandwa kule wawe bendera, maana ilikuwa enzi ya vita baridi na Kanada ilitaka ionekane ina watu mpaka juu kabisa. Radhi iliombwa rasmi 2010. Kuna sehemu Martha mwenyewe, mtu mzima sasa, anasimulia mambo ya utotoni kule, sikupausi hata kwenda kunywa maji.

Tangu hapo nimeacha habari za mawaziri wakuu. Nafuata kuhamishwa tu. Na ukishavaa hiyo miwani unaona Kanada nzima imehamishwa, wengine kwa meli wengine kwa lori.

Kabla ya kuendelea, kidogo kuhusu hao National Film Board maana ni watu wa ajabu. Aliyeanzisha ni Mskoti, John Grierson, na kipindi cha vita kazi ilikuwa propaganda, hakuna kuficha, Churchill's Island ya 1941 ndo ilichukua Oscar ya kwanza kabisa ya dokumentari. Nikawaza hapa kwetu miaka hiyohiyo Waingereza walishajaribu mambo kama hayo, ule mradi wa sinema wa Vugiri kule Usambara 1935 mpaka 1937, filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo na usafi na kuweka hela benki. Tofauti ni kilichofuata baadaye: wa Kanada hela za serikali zikaanza kutengeneza filamu za kuisema serikali. Mimi hilo bado linanishangaza kila nikiona nembo yao mwishoni.

Mfano mzuri ni Fogo, kisiwa cha wavuvi Newfoundland. Newfoundland yenyewe imeingia Kanada 1949 tu, na kuanzia miaka ya 50 serikali ya jimbo ikawa inafunga vijiji vidogo vya pwani, watu wasogee kwenye miji yenye shule na hospitali, mpaka 1975 vijiji karibu 300 vikawa vimehamwa, watu kama 30,000. Picha za kipindi hicho tafuteni muone, nyumba nzima ya mbao imefungiwa mapipa inaelea baharini, maboti yanaivuta kwenda kijiji kipya, na mapazia dirishani. Fogo nayo ilikuwa kwenye foleni. 1967 Colin Low wa Film Board akaenda na kamera, lakini badala ya filamu moja kubwa akatengeneza vipande 27, huyu mvuvi anaongea, wale wanabishana kuhusu ushirika, harusi, watoto. Halafu wakawaonyesha wenyewe. Kumbe watu wa upande mmoja wa kisiwa na wa upande mwingine walikuwa na shida ileile na hawajawahi kukaa pamoja, mara madhehebu mbalimbali, mara umbali. Baadaye zikaonyeshwa kwa viongozi wa serikali, na majibu ya waziri yakarekodiwa yakarudishwa kisiwani. Wakaunda chama cha ushirika, wakajenga maboti makubwa zaidi, hawakuhama. Ukiangalia vipande vyenyewe ni vya taratibu, kuna kimoja watu wanaongea tu, usitegemee muziki wa kusisimua.

Hicho cha watu kuongea nilikiangalia na baba mdogo alikuja kututembelea. Yeye 1974 kwao walihamishiwa kijiji cha ujamaa, mgambo wakavunja paa ili mtu asirudi. Nikawa namtafsiria. Akakaa kimya muda halafu akaniuliza, "Na huyo waziri alipoonyeshwa, aliangalia mpaka mwisho?" Nikamwambia ndio baba mdogo, na akajibu. Akasema, "Basi hao walibahatika, sisi waliokuja walikuja na megafoni." Akaniambia nimwekee kingine, tukamaliza bando la wiki.

Remember Africville ya 1991 sikuiangalia naye, niliiangalia peke yangu na nilifanya vizuri. Africville ilikuwa kitongoji cha watu weusi pembezoni mwa Halifax, Nova Scotia, kizazi cha wale waliokuja na Waingereza baada ya vita vya uhuru wa Marekani na wale wa vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Hapa niliganda kidogo nikaenda kusoma: watu weusi kama 3,000 waliletwa Nova Scotia 1783 na ahadi za ardhi, ardhi haikuja au ilikuja mawe matupu, na 1792 karibu 1,200 wakapanda meli pale Halifax wakarudi Afrika, wao ndo walioanzisha Freetown, Sierra Leone. Waliobaki ndo hao. Africville walilipa kodi kwa manispaa, maji ya bomba hawakupewa, mfereji wa maji taka hakuna, lami hakuna. Walichopewa ni reli ikapita katikati, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, machinjio, na miaka ya 50 dampo la jiji likasogezwa karibu na milango yao. Halafu miaka ya 60 jiji lilelile likasema eneo hili ni chafu, halifai kuishi binadamu, tunawahamisha kwa faida yenu.

Waliokuwa na hati wakafanyiwa tathmini. Wasio na hati, na wengi walirithi kwa mdomo tu toka kwa babu, wakapewa dola 500. Na vyombo vyao vikabebwa na magari ya taka. Sio maneno ya hasira hayo, ni magari ya taka ya manispaa kweli, kitanda na meza na picha za ukutani vinashushwa kwenye makazi mapya majirani wanaangalia. Kanisa likabomolewa usiku, 1967. Nyumba ya mwisho 1970. Meya aliomba radhi 2010 na wamejenga mfano wa lile kanisa palepale. Kinachoifanya filamu iwe nzuri ni kwamba walioondolewa na baadhi ya maofisa waliohusika wanasikika humohumo, na maofisa wengine bado wanaamini walifanya jambo jema. Hao ndo wa kuwaangalia usoni.

Sasa nipo kwa Wamohawk, taifa mojawapo la watu wa asili, na nadhani nitakaa hapa muda. Nilianza na You Are on Indian Land ya 1969, fupi, nyeusi na nyeupe. Mpango uleule wa Film Board uliotoa filamu za Fogo uliwapa kamera vijana wa asili wenyewe, na Desemba 1968 Wamohawk wa Akwesasne walipofunga daraja karibu na Cornwall kwa sababu ya kutozwa ushuru wa bidhaa wanazovusha kutoka upande wa Marekani (mpaka umepita katikati ya ardhi yao, wao wanashikilia mkataba wa 1794 kwamba wana haki ya kuvuka bila ushuru), kamera ilikuwa upande wa waliofunga. Polisi wanakokota watu kwenye theluji na wewe mtazamaji umesimama na wanaokokotwa. Kwa miaka aliandikwa mwongozaji mwingine, baadaye shirika likarekebisha likaweka jina la Michael Kanentakeron Mitchell, mwenyewe Mmohawk wa pale.

Halafu Kanehsatake: 270 Years of Resistance, 1993, Alanis Obomsawin. Mama huyu ni Mwabenaki, taifa jingine la asili, kafanya kazi hapo Film Board toka miaka ya 60. Kisa ni uwanja wa gofu. Mji wa Oka, Quebec, ulitaka kupanua uwanja kutoka mashimo 9 kwenda 18, njiani kuna msitu wa misonobari na makaburi ya Wamohawk wa Kanehsatake. Wakaweka kizuizi. Tarehe 11 Julai 1990 polisi wa Quebec wakavamia, risasi zikapigwa, koplo mmoja akafa. Wenzao wa Kahnawake wakafunga daraja la Mercier linaloingia Montreal, jeshi likaletwa, siku 78. Obomsawin akakaa ndani ya seng'enge na waliozingirwa, helikopta juu usiku kucha, wanajeshi wanapekua mpaka chakula kinachoingia. Waandishi wengi waliondoka yeye kabaki. Uwanja haukupanuliwa, serikali kuu ikaishia kununua ardhi.

Na hiyo 270 ya kwenye jina inahesabiwa toka 1721, mwaka ambao mapadri wa Kifaransa waliwatoa Wamohawk karibu na Montreal wakawapeleka hapo. Yaani hata hao wanaokataa kuondoka walishahamishwa hapo zamani. Nimechora mshale kutoka hapa mpaka ukurasa wa Martha.

Nimebakiza nusu saa ya mwisho, naimalizia wiki hii. Inayofuata ni Continuous Journey ya Ali Kazimi, ya 2004, kuhusu Komagata Maru, meli iliyofika Vancouver 1914 na abiria 376 kutoka India, wote raia wa milki ya Mwingereza, wakazuiwa kwa sheria kwamba lazima uwe umesafiri moja kwa moja toka kwenu, na hakukuwa na kampuni ya meli inayouza safari hiyo. Wakakaa bandarini miezi miwili, karibu wote wakarudishwa. Hao hawakuhamishwa, walikataliwa kushuka, ila nawaingiza kwenye mradi kwa lazima. Shida ni kwamba mpaka sasa sijaipata bure, mwenye kujua inapopatikana kihalali anishtue, na kama ina maandishi chini itakuwa nafuu zaidi maana Kiingereza cha wazee wa pale wakiongea haraka kinanipita.