Mtoto wa Ubaoni

Mwaka 2011 umeme ulikuwa wa mgao, na sisi wa Tanga tulikuwa tumeshazoea kupanga maisha kwa kuufuata. Darasa langu la Kiingereza la jioni lilikuwa Ngamiani, katika chumba cha shule ya msingi tulichoazimwa. Giza letu lilipangwa jioni, kwa hiyo tulisomea taa za chemli, moja juu ya meza, nyingine imetundikwa kwenye msumari kando ya ubao.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima: karani wa bandarini, kijana wa mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni, wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne, mzee mstaafu wa ofisi ya shamba la mkonge aliyetaka kuandikiana na wajukuu zake walioko Toronto, na muuguzi wa wodi ya watoto ambaye darasa zima lilimwita Sista. Hawakuwa wa kuanza na a, e, i. Gazeti la Kiingereza walilisoma na kulielewa. Walichokwama nacho ni kusema na kuandika, na mara nyingi walikwama kwenye nyakati za vitenzi.

Jioni hiyo tulikuwa turudie nyakati zote. Aliyepita sekondari zetu anayajua marudio ya namna hii: jedwali la nyakati 12, uliopo, uliopita na ujao, kila mmoja na hali zake nne, na kitenzi kimoja kinaburutwa kutoka kisanduku hadi kisanduku. Wanafunzi wangu walikuwa nalo kwa ghibu. Mmoja wa wale wasichana aliweza kulighani lote kwa pumzi moja. Mimi jedwali hilo sikuliamini, na mpaka leo siliamini kama njia ya kurudia. Nimekutana na watu wengi wanaolighani barabara, ukawauliza walifanya nini jana wakababaika. Jedwali linaonyesha maumbo. Halisemi ni wakati gani mtu analihitaji umbo hili na si lile, na mwanafunzi wa kiwango cha kati huteseka hapo hapo.

Nilikuwa nimeandaa mazoezi ya safari ya basi kwenda Dar es Salaam. Sista akaingia kwa kuchelewa, sare yake nyeupe bado mwilini.

"Samahani, Mwalimu. Tulikuwa tunakabidhiana zamu."

"Karibu, Sista. Pole na kazi."

"Nishapoa. Lakini leo daktari kaniuliza mara mbili juu ya sentensi moja niliyoandika kwenye ripoti. Naomba tuitazame kabla hatujaanza."

Kwa asiyejua: hospitalini kwetu mgonjwa na muuguzi huzungumza Kiswahili, lakini yanayoandikwa kwenye faili ni Kiingereza. Mama anasema "anatapika tangu asubuhi", na muuguzi, wodi imejaa na kalamu iko mbioni, anatakiwa kuyageuza maneno hayo yawe sentensi ambayo mwenzake wa zamu ya usiku ataifanyia kazi. Hapo nyakati za vitenzi haziko kwa ajili ya mtihani.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "The child has slept." Sista alikusudia kusema mtoto amelala, yaani sasa hivi yumo usingizini, asisumbuliwe. Daktari alielewa kwamba mtoto alikwisha kupata usingizi na sasa yu macho, akaja na kifaa chake cha kusikilizia kifua.

Nikaiweka kando safari ya basi. Nikasema leo tutarudia nyakati zote kwa mgonjwa mmoja. Hatukumchukua mgonjwa wa kweli, maana habari za mgonjwa ni zake mwenyewe. Tukamtunga wetu: mtoto wa kiume wa miaka minne, kaletwa na mama yake kutoka Pongwe, mwili unawaka homa. Kabla sijaandika neno la kwanza, karani akauliza, "Atapona?" Sista akamjibu papo hapo, "Atapona. Huyu hatumuui." Wote wakaafiki, nami nikaona darasa limeshamchukua mtoto huyo kuwa wake.

Tukaanza na usingizi. Niliwaambia watafute vitenzi vingine ambavyo kwa -me- vinaeleza hali mtu aliyomo, si jambo lililokwisha. Vikamiminika: amekaa, amesimama, amechoka, mguu umevimba. Mzee akaongeza, "Amevaa kanzu." Kila kimoja tukakitafutia Kiingereza chake: "he is sitting", "he is standing", "he is tired", "the leg is swollen", "he is wearing a kanzu". Na mtoto wetu, "he is asleep". Hakuna hata kimoja kilichotaka "has". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "has" basi, ataandika "he has sat" na "he has worn" miaka yote, na wala si mzembe, anafuata alichopewa.

Halafu nikamwomba Sista atusimulie siku ya mtoto kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia mwenzake. Akasimulia: "Mama alimleta saa saba mchana. Akapimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto, akatapika, akapewa tena, akalala." Nikampa karani chaki. Akaandika: "The mother brought him at seven. He test, find malaria, give medicine, vomit, give again and sleep."

Tuliikalia sentensi hiyo kwa muda mrefu, na ninaamini ilistahili. Katika Kiswahili -li- ikishatangulia, -ka- inatosha kuyapeleka mambo mbele, wala msikilizaji hapotei. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi sharti kibebe chenyewe alama ya wakati uliopita, hata vikiwa sita mfululizo. Na kulikuwa na tatizo la pili limejificha ndani ya la kwanza: aliyepimwa si aliyepima. Kiingereza cha karani kilimfanya mtoto ajipime malaria na kugawa dawa. Wasichana wakasaidiana: "He was tested, was found to have malaria and was given medicine. He vomited, was given the medicine again and fell asleep."

Kijana wa hoteli, aliyezoea kupokea wageni wa boti na basi, ndiye aliyeiona saa. "Saba yetu si saba yao," akasema, akafuta akaandika "at one o'clock". Sista akalikazia jambo hilo kwa sauti ya kazini. Dawa ya mseto, alisema, dozi ya pili hutolewa baada ya muda wa saa nane kutoka ya kwanza. Kama dozi iliyokaa tumboni ni ya saa nane mchana, inayofuata ni saa nne usiku, na kwenye chati huandikwa 22:00. Muuguzi atakayeandika nne kwa sababu kichwani anahesabu nne atampotosha wa zamu inayofuata.

Mzee ndiye aliyetuletea mabishano. Niliandika ubaoni "He has vomited yesterday" nikauliza kama kuna mwenye neno. Mzee akasema sentensi haina kasoro. "Mwanangu, sisi husema nimemwona jana, nimeonana naye juzi, na hakuna anayeshangaa." Alisema kweli. Katika mazungumzo -me- hukaa vizuri tu na jana. Kiingereza hakikubali. Ukishautaja wakati uliokwisha, "yesterday", "at one o'clock", "in 2005", hali timilifu, yaani hiyo ya "has", inaondoka na unabaki na "he vomited". Nikawapa kipimo ninachokipenda kuliko vyote: soma sentensi yako ujiulize, je, inajibu swali la lini? Ikijibu, na hiyo lini imeshapita, achana na "has".

Sista hakutosheka na kipimo. Alitaka kujua, basi "has vomited" ina kazi gani kazini kwake. Nikaandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: "He has vomited twice" na "He vomited twice". Akazitazama, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akasema, polepole:

"Nikiwa bado kwenye zamu, naandika 'has vomited twice', kwa sababu zamu haijaisha, anaweza akatapika tena. Nikishakabidhi, wa usiku akiitaja zamu yangu ataandika 'vomited twice during the day'. Mchana wangu umekwisha."

Sikuwa na la kuongeza. Nimeyasoma maelezo mengi ya hali timilifu, na mengi yanasema ni tendo lililopita lenye uhusiano na sasa, maneno ambayo mwanafunzi huyanakili daftarini bila kujua ayafanyie nini. Sista aliutaja uhusiano wenyewe: kipindi anachokizungumzia kimefungwa au bado kiko wazi.

Kutoka hapo "anatapika tangu asubuhi" haikutusumbua sana. Wengi waliandika "He is vomiting since morning", kosa ambalo nadhani kila msemaji wa Kiswahili hulipitia, maana -na- yetu inafika kwenye tangu bila taabu. Kiingereza kikisikia "since" kinataka "has been vomiting". "Since" kwa pale jambo lilipoanzia, "for" kwa urefu wa muda: "since morning", "for six hours". Tukapita.

Lililotukalisha mpaka adhana ya isha ikasikika ni wakati uliopita uliotangulia mwingine. Nikaandika sentensi tatu, nikawaomba wasisome kwa haraka:

"The child had vomited when we gave the medicine."

"The child was vomiting when we gave the medicine."

"The child vomited when we gave the medicine."

Kijana wa hoteli alisema zote ni sawa, mtoto katapika. Sista akasimama pale kwenye dawati lake. Akaeleza, na darasa lote likageuka kumsikiliza yeye, kwamba mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, dawa imetoka, humezeshwa tena. Akiwa alitapika kabla ya kumeza, dawa imo, huimezeshi mara ya pili. Sentensi ya kwanza inasema dawa imo. Ya tatu inasema imetoka. "Na hii ya katikati," akasema akiinyooshea kidole, "ningemuuliza aliyeiandika kwa nini alimpa mtoto dawa huku anatapika."

Chumba kilikuwa kimya. Karani akaanza kuzinakili sentensi zile tatu, akiandika chini ya kila moja kwa Kiswahili: alikuwa ameshatapika, alikuwa anatapika, akatapika. Sikumzuia. Kuna walimu wanaokataza Kiswahili katika darasa la Kiingereza, na najua sababu zao, ila jioni ile niliona jinsi lugha ya mtu inavyomsaidia kuishika ya pili. Kiswahili kina njia zake za kupanga kilichotangulia na kilichofuata, tena njia za uhakika. Hakuna mwanafunzi wangu aliyekuwa mgeni wa fikra hizo. Kilichokuwa kigeni ni mahali Kiingereza kinapoziweka alama zake.

Wakati ujao ulikuwa mwepesi, maana lugha zote mbili zina tabia moja. Sisi husema "nakuja kesho" kwa jambo lililokwisha kupangwa, nao husema "I'm coming tomorrow". Karani alifurahi kugundua kwamba ile "The ship leaves on Friday" aliyokuwa akiiona kwenye karatasi za bandarini haikuwa kosa la mtu. Ratiba huandikwa hivyo. Kwa mtoto wetu tukachagua "He is coming back on Friday", kwa kuwa Sista alishampangia siku ya kuja kuangaliwa.

Mzee akaomba yeye ndiye asome ripoti yote mwanzo hadi mwisho. Aliisoma amesimama, kwa ile sauti ya kiofisi ya zamani, akitua kwenye kila kitenzi: kaletwa, kapimwa, dozi ya pili kaimeza saa 22:00 na hakutapika tena, homa imeshuka, leo asubuhi amekunywa uji, mama kaambiwa wanaruhusiwa. Wasichana wakapiga makofi.

Sista alikuwa bado anaandika. Alisema ripoti haijakamilika, kwa sababu mama haruhusiwi kuondoka bila kuelezwa afanye nini mambo yakibadilika, na hilo nalo huandikwa. Akaja ubaoni akaandika mwenyewe: "Mother told to bring him back if he will vomit again."

Nikalifuta "will", nikaweka s mwishoni mwa "vomit". Mzee akauliza inakuwaje, na kutapika kwenyewe ni kwa baadaye. Nikamwomba aiseme kwa Kiswahili. "Akitapika tena, mlete," akasema, kisha akasita, akaangalia ile -ki- aliyoitamka haina hata -ta- ndani yake. Mafuta ya taa yalikuwa yanaelekea kuisha. Tukakubaliana kwamba kipindi kinachofuata tutaanzia hapo, na karani akaandika juu ya ukurasa mpya, kwa herufi kubwa, "IF".